Sinia la mtu mmoja: Thanksgiving yangu ya Minneapolis

Kwetu Tanga, mtu akila peke yake watu huuliza kulikoni. Ama anaumwa, ama kagombana na wenziwe, ama ni mchoyo. Nimekulia kwenye nyumba ambayo sinia la wali liliwekwa mkekani, watoto upande huu, kina mama upande ule, na aliyechelewa alisogezewa nafasi bila kuulizwa katoka wapi. Mgeni njoo, mwenyeji apone: sisi watoto tulilielewa hilo vizuri kuliko mtu yeyote, maana siku ya mgeni ndiyo ilikuwa siku ya kuku.

Kwa hiyo mtu wa nyumbani akisikia kwamba Alhamisi ya nne ya Novemba, sikukuu ya shukrani inayoitwa Thanksgiving, siku ambayo Marekani nzima iko njiani kwenda kula na ndugu zake, mimi nabaki kwenye fleti yangu Minneapolis, napika mwenyewe na kula mwenyewe, ananionea huruma. Mama yangu mpaka leo ananionea huruma. Naandika haya kwa ajili yake, na kwa ajili ya wenzangu walioko Columbus, Houston, Dallas na kwingineko, ambao najua wako wengi na wanaikaribia siku hiyo kwa unyonge.

Si kwamba sina pa kwenda. Miaka ya mwanzo nilialikwa na wenzangu wa kazini, nikakaa kwenye meza ndefu pamoja na mashangazi zao na watoto wao, na walinipokea kwa moyo mweupe. Baadaye nikawajua Waswahili wa hapa mjini. Tukawa tunakusanyika kwenye ukumbi, kila mtu na sufuria lake, na mimi nikawa mtu wa sambusa. Nilizipenda siku zile na bado nazipenda. Lakini ukiwa mtu wa sambusa, unafanya sambusa tu. Nazi kaikuna mwingine, wali kaupika mwingine, na wewe unafika saa ya kula. Mwaka ambao theluji ilifunga barabara, nikabaki ndani na friji iliyojaa, ndipo nilipolazimika kuifanya shughuli yote mwanzo mpaka mwisho kwa mikono yangu. Nikagundua kwamba kazi za bibi yangu, zile nilizokuwa nikizitazama tu nikiwa mtoto pale jikoni, mwili wangu ulikuwa unazijua. Tangu hapo nabaki nyumbani kwa hiari.

Wengi wetu tulipofika huku tulisimuliwa hadithi fupi ya chanzo cha sikukuu hii: mwaka 1621, huko Plymouth, Massachusetts, walowezi wa Kiingereza na wenyeji wa asili waliketi pamoja wakala bata mzinga. Yaliyoandikwa na mtu aliyekuwepo ni machache mno. Edward Winslow, mmoja wa walowezi wale, alieleza kwenye barua kwamba baada ya mavuno walituma watu wanne kuwinda ndege, na kwamba Massasoit, mkuu wa Wawampanoag, wenyeji wa asili wa pale, alikuja na watu wake wapatao 90. Wakakaa siku tatu, na wageni hao wakaleta kulungu watano. Winslow anataja ndege tu, bata mzinga hamtaji.

Kinachonigusa zaidi ni hali ya wale waliokaa kula. Majira ya baridi yaliyotangulia yalikuwa yameua karibu nusu ya abiria 102 waliokuja na meli ya Mayflower. Na Wawampanoag nao walikuwa wametoka kwenye maradhi yaliyofagia vijiji vizima kati ya 1616 na 1619. Kila aliyekuwa pale, wa upande huu na wa upande ule, alikuwa amezika.

Sikukuu ya taifa zima ilikuja baadaye sana, na aliyeihangaikia kuliko wote ni mjane. Sarah Josepha Hale alifiwa na mumewe mwaka 1822, akabaki na watoto watano, na akavaa nguo nyeusi za msiba mpaka mwisho wa maisha yake. Akawa mhariri wa jarida la wanawake la Godey's Lady's Book, na kwa miaka mingi aliandika tahariri na barua kwa magavana na marais akiomba siku moja ya shukrani kwa nchi nzima. Barua yake kwa rais Abraham Lincoln ina tarehe 28 Septemba 1863. Tarehe 3 Oktoba tangazo la Lincoln likatoka. Nchi ilikuwa katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, miezi mitatu tu baada ya mapigano makubwa ya Gettysburg, na tangazo lenyewe linawataka watu, pamoja na kushukuru, wawaombee wajane, mayatima, waliofiwa na wote waliopatwa na mateso ya vita vile. Congress, yaani bunge la Marekani, ikaja kuiweka Alhamisi ya nne kisheria mwaka 1941.

Nalisoma tangazo hilo kila mwaka. Novemba ile ya 1863 kulikuwa na nyumba ngapi ambazo mama alipakua akiwa peke yake? Siku hii iliwekwa kwa ajili ya watu wenye nafasi tupu mezani, na haikuwaambia wasubiri nafasi zijae kwanza ndipo washukuru. Wanaosema kwamba Thanksgiving bila kundi la watu si Thanksgiving hawajalisoma.

Hapa Minnesota, Lincoln huyohuyo ana kumbukumbu nyingine. Tarehe 26 Desemba 1862, watu 38 wa Dakota, kabila la wenyeji wa asili, walinyongwa kwa pamoja mjini Mankato, mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari kutoka ninapoishi, kwa amri aliyoiidhinisha yeye. Mwaka uliofuata, ndio mwaka wa tangazo la shukrani, Congress ikapitisha sheria ya kuwafukuza Wadakota katika jimbo hili. Na tangu 1970 wako wenyeji wa asili wanaokusanyika Plymouth siku hiyohiyo ya Thanksgiving kuomboleza. Mimi ni mgeni hapa, lakini nakaa kwenye ardhi hii na nakula chakula chake, kwa hiyo nimeona niyajue haya, na dua yangu ya siku hiyo iwe na nafasi ya watu hao pia.

Sasa twende jikoni, maana siku yenyewe iko huko.

Meza ya Kimarekani ilipowekwa mbele yangu mara ya kwanza, niliitazama nikaona futari. Boga lile. Viazi vitamu vile. Tofauti ni kwamba huku boga wamelisaga wakalitia ndani ya pai, na viazi vitamu wamevifunika peremende nyeupe laini zinazoyeyuka kwenye oveni. Vyakula vyenyewe ni vilevile ambavyo Tanga, Mombasa na Unguja vinapikwa kwa nazi mwezi wa Ramadhani. Na asili yake ni huku. Mahindi, boga, viazi vitamu, muhogo, karanga, pilipili na nyanya ni mazao ya bara la Amerika. Yalivuka bahari baada ya Wazungu kuanza safari za huku, mengine yakafika pwani yetu kwa majahazi na meli za Wareno, na bibi zetu wakayapokea wakayatia nazi na hiliki mpaka tukasahau kama yaliwahi kuwa mageni. Hata makande, ambayo Mpare yeyote ataapa kwamba ni ya kwao, yana ndugu huku: wenyeji wa New England, kaskazini mashariki mwa nchi hii, walipika mahindi na maharage kwenye chungu kimoja zamani za kale, na chakula hicho kingali kinaliwa. Kwa hiyo nikipika boga la nazi siku ya Thanksgiving, boga limerudi kwao na mapishi mapya tu.

Boga lenyewe lichague vizuri. Yale makubwa ya rangi ya chungwa yanayorundikwa nje ya maduka mwezi wa Oktoba ni ya kuchonga sura, yana maji na hayana ladha. Tafuta kabocha, lile la Kijapani, la kijani kwa nje na la manjano iliyokolea kwa ndani. Likiiva linakuwa kavu na la ungaunga, kama boga la kwetu hasa. Nalikata na ganda lake, vipande vya kujaa kiganja, nalipanga sufuriani ganda likiwa chini. Natia tui jepesi, sukari, chumvi kidogo mno na hiliki nilizozitwanga muda huohuo. Halikorogwi, ukilikoroga umepata uji. Likishaiva namimina tui zito, natikisa sufuria kwa masikio yake, naacha lichemke kidogo tu mpaka tui lishike, nazima.

Na tui nalikamua mwenyewe. Maduka ya Wahindi yanauza nazi iliyokunwa, imegandishwa kwenye mifuko. Jumatano usiku naitoa ilale kwenye friji, asubuhi naitia maji ya uvuguvugu, naipitisha kwenye mashine ya kusagia, kisha naikamua kwa kitambaa cheupe nilichokitenga kwa kazi hiyo peke yake. Tui la kwanza bakuli lake, la pili bakuli lake. La kopo lipo na si baya, siku za kazi natumia hilo. Lakini mikono ikizama kwenye nazi ya uvuguvugu, asubuhi ambayo nje kumeganda, nasikia kabisa siku imeanza.

Bata mzinga mzima kwa mtu mmoja ni israfu, na israfu haiendi na shukrani. Nanunua paja moja, mara nyingine na bawa, kwenye bucha la Wasomali kule mtaa wa Cedar-Riverside, maana nataka nyama ya halali. Minnesota ndilo jimbo linaloongoza Marekani kwa kufuga bata mzinga, kwa hiyo paja la hapa ni paja kwelikweli, limeshiba. Nalipika la kupaka, vilevile kama kuku.

Usiku wa Jumatano nalichana mipasuo mpaka karibu na mfupa, nalisugua kitunguu saumu, tangawizi, pilipili mbichi, ndimu na chumvi, mpaka viingie ndani ya mipasuo. Linalala hivyo. Alhamisi linaingia oveni kwa moto wa wastani. Wakati huo sufuria dogo liko jikoni na tui zito, nyanya iliyosagwa, bizari, tangawizi tena, na ukwaju mwishoni, nalikoroga bila kuondoka mpaka liwe rojo linalong'ang'ania mwiko. Idara ya Kilimo ya Marekani inataka nyama ya ndege ifike nyuzi 165 za Fahrenheit, yaani 74 za Selsiasi, na hilo lizingatiwe. Ila paja la bata mzinga lina kano ngumu, na mimi naliacha lifike 180 ndipo linalainika. Kisha naongeza moto wa juu, natoa trei, napaka lile rojo kwa brashi, narudisha. Linatoa mapovu, kingo zinaungua kidogo, ile harufu ya nazi iliyoshikwa na moto inajaa nyumba. Natoa, napaka tena, narudisha. Kwa mkaa lingekuwa na moshi wake, lakini balkoni ya ghorofani hairuhusiwi jiko la mkaa, na oveni inafanya kazi yake vizuri tu.

Wali nautengeneza kwa mpunga wa maziwani, ule ambao Waojibwe, wenyeji wa asili wa huku, wanauita manoomin. Huu ni mmea wa huku tangu asili, unaota wenyewe kwenye maji ya kina kifupi kaskazini mwa jimbo, na ndio nafaka rasmi ya Minnesota tangu 1977. Mwisho wa Agosti na mwezi wa Septemba watu wanaingia ziwani kwa mitumbwi, wawili wawili. Mmoja anasukuma kwa upondo, mwingine amekaa na vijiti viwili, kimoja kinayainamisha mabua juu ya mtumbwi, kingine kinayagonga taratibu, na punje zilizokomaa zinaanguka ndani. Zile ambazo hazijakomaa zinabaki kwenye bua, na zinazodondoka majini ndizo mbegu za mwaka unaofuata. Mtu aliyekulia kwenye nchi ya mpunga akiyaona hayo anaelewa mara moja kwamba ana wenzake. Nanunua ule uliovunwa kwa mkono, wa rangi ya kahawia na kijivu. Ule mweusi unaong'aa wa dukani unalimwa mashambani na unachukua muda mrefu zaidi kuiva. Nauchemsha kwa maji mpaka punje zianze kupasuka, nayamwaga maji, ndipo natia tui na chumvi na kuupalia kwa moto mdogo. Ladha yake ina kitu cha karanga na cha moshi, na nazi inaupenda.

Gwaride la New York linaonyeshwa kwenye televisheni asubuhi yote, na mchana ni mpira wao wa Kimarekani. Siviwashi.

Saa tatu asubuhi kwa hapa, Tanga ni saa kumi na mbili jioni. Mama anakuwa amekaa barazani akisubiri magharibi, na simu yangu anaijua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeamkaje huko kwenye barafu?"

"Salama. Napika."

"Unapika nini?"

Namtajia kimoja kimoja, na yeye anauliza kila kimoja kama mkaguzi. Hiliki ngapi? Tui la kwanza umeliweka pembeni? Usilikoroge boga, mwanangu. Kisha inakuja ile ambayo lazima ije:

"Na unakula na nani?"

"Nakula mwenyewe, mama."

Ananyamaza kidogo. Halafu anasema, "Basi tandika vizuri. Usile umesimama kama watu wa stendi."

Natandika vizuri. Mkeka nilionunua Tanga unatoka nyuma ya kabati, sinia la shaba nalisugua kwa ndimu na chumvi mpaka ling'ae. Naoga, navaa dera jipya na kanga doti moja, natia udi kidogo kwenye chetezo huku dirisha liko wazi. Haya yote kwetu hufanywa kwa ajili ya mgeni, na ndipo ninapotofautiana na waliotulea. Walitufundisha kwamba unadhifu wa chakula ni heshima ya anayekuja kula, na mwenye nyumba akila ukoko anatosheka. Nimewaona kina mama wakila hivyo maisha yao yote, wamesimama jikoni, baada ya watu wote. Bibi yangu sikumbuki kumwona hata mara moja akiwekewa sinia lake. Siku hii moja ya mwaka mimi najiwekea, na nahisi namwekea na yeye.

Kabla ya kula nasoma Fatiha, nawarehemu wangu kwa majina, mmoja mmoja: bibi, babu, baba, shangazi yangu aliyetufundisha kusuka mikeka, na rafiki wa hapahapa Minneapolis aliyefariki mbali na kwao. Kwenye mikusanyiko hili halipati nafasi yake. Watoto wanakimbia, mtu anaita picha, unasema dua ya haraka na kupakua. Mwenyewe, naweza kukaa na kila jina mpaka nione sura. Kisha bismillahi, nanawa, nakula kwa mkono, polepole, nyama ikitoka kwenye mfupa kwa kuvutwa tu. Kufika saa kumi na moja jioni jua limeshazama, nawasha taa moja, nakunywa kahawa chungu na kashata, na sina haraka ya kwenda popote.

Kuna anayesema huu ni ubinafsi wa Kizungu uliotuingia. Nimelifikiria neno hilo kwa dhati, maana linatoka kwa watu ninaowaheshimu. Uchoyo ni kumnyima mwenzio aliyepo. Na mimi, kabla sijagusa chakula, sahani ya kwanza inakwenda kwa jirani wa chini, mama mtu mzima wa Kimarekani anayekaa mwenyewe na ambaye wanawe wako majimbo ya mbali. Boga ndilo analolipenda zaidi. Nilipompelekea mara ya kwanza aliirudisha sahani siku ya pili na kipande cha pai ya tufaa juu yake, naye hajawahi kuambiwa na mtu kwamba sahani hairudi tupu. Tumekuwa hivyo tangu wakati huo. Hatujawahi kukaa meza moja siku hiyo, na sidhani kama yeyote kati yetu anahisi ameachwa.

Ijumaa, watu wakiwa kwenye foleni za maduka ya punguzo, mimi nina mfupa wa paja. Nautia sufuriani na kitunguu, pilipili manga na ndimu, unachemka mpaka mchana. Supu hiyo naila na kiporo cha wali, na iliyobaki naigandisha kwenye vikopo kwa siku za Januari nitakaporudi kutoka kazini usiku. Mama akiuliza nimekula nini, nitampigia tena kumweleza ukwaju ulivyokaa, maana hilo aliuliza na sikumjibu vizuri.